Kongamano la ustawi wa wafanyakazi na utamaduni wa kazi: tunapata nini hasa?

AfisaUtumishi_Chake

Assalamu alaykum ndugu zangu,

Nashughulikia masuala ya utumishi katika taasisi moja ya umma hapa Chake Chake, yenye wafanyakazi wasiofika sitini. Wiki iliyopita tulipokea barua ya mwaliko wa kongamano la siku mbili litakalofanyika Unguja, kuhusu ustawi wa wafanyakazi na utamaduni wa mahali pa kazi. Barua ilipitia masijala, ikapanda kwa Afisa Mdhamini, mkuu wetu wa hapa, na baada ya siku moja ikanirudia ikiwa imeandikwa pembeni kwa mkono wake: "Tunapata nini? Tushauriane." Natakiwa nimpelekee dokezo sabili la kueleza faida za kuhudhuria, na leo ni siku ya tatu nimelikalia bila ya kupata sentensi ya kwanza ninayoiamini.

Sikosi maneno. Ningeweza kuandika kwamba washiriki watajengewa uwezo, watabadilishana uzoefu na kuongeza tija, kama nilivyoandika mara nyingi kwa safari nyengine, na huenda dokezo likapita. Lakini mkuu wangu ni mtu muadilifu, swali lake ni la kweli, na anastahiki jibu la kweli. Nauli za boti za watu wawili kutoka Mkoani na kurudi, malazi, posho ya kujikimu na ada ya ushiriki ni fedha zinazoonekana katika fungu letu la mafunzo, na fungu hilo hilo ndilo tulilotarajia limlipie ada kijana wetu wa masijala anayesomea stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Nikisema twende, nataka niweze kumtazama kijana yule usoni.

Kwa upande mwengine, siwezi kusema kwamba hatuna haja. Katika muda wa mwaka mmoja watumishi wanne wameomba uhamisho, na hakuna hata mmoja aliyeandika zaidi ya "sababu za kifamilia". Katika kikao cha kila mwezi mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye jambo, na kila mtu huitazama meza. Tukishatoka, chini ya mwembe ulio mbele ya jengo, ndipo kikao chenyewe kinapoanza, na hapo husemwa yote ambayo mkuu alipaswa kuyasikia. Yupo mama mmoja, mtunza ghala, ambaye kwa miaka kumi sikuwahi kuona kosa katika vitabu vyake. Miezi ya karibuni amekuwa akikosea hesabu ndogo ndogo, na nilipomwita kumuuliza alinijibu, "Nimechoka tu, mwanangu," kisha akarudi kuhesabu maboksi yake. Ofisini kwangu yamo mafaili ya likizo, ya matibabu na ya nidhamu, lakini "nimechoka tu" sijui niiweke katika faili gani.

Nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yanakadiria kuwa siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi, hasara inayofikia dola trilioni 1 za Marekani. Nimefikiria kuliweka hilo mwanzoni mwa dokezo. Naomba wenye uzoefu, hasa waliowahi kuhudhuria makongamano ya aina hii, wanieleze mlirudi na nini ambacho msingekipata kwa kusoma mwongozo mkiwa ofisini. Na ikiwa nafasi ni mbili tu, nani anafaa kwenda?

Msimamizi_wa_Vyumba_Kaskazini

Waalaykumu salaam dada,

Nasimamia wahudumu wa vyumba katika hoteli moja ya mwambao wa kaskazini ya Unguja. Mwaka juzi nilihudhuria kongamano la namna hiyo, na nilikwenda kwa sababu meneja utumishi wetu aliugua na jina langu likaingizwa mahali pake. Nitakueleza kilichotokea kama kilivyotokea, kisha upime mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya kwanza ilikuwa ya hotuba, na katika hizo nilibakiwa na jambo moja. Mzungumzaji alieleza utafiti wa mashirika hayo mawili uliyoyataja, uliotolewa mwaka 2021, ambao ulikadiria kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki anakabiliwa na hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 17, kuliko mwenzake anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Usiku ule chumbani nilifungua rosta ya wiki niliyokuwa nimeipanga kwa mkono wangu mwenyewe, nikajumlisha saa za kila mtu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa sababu rosta huonesha zamu na haioneshi jumla. Wawili kati ya watu wangu walikuwa wamepita saa 60 kwa kuwashikia wenzao zamu. Mmoja wao hutoka zamu ya jioni saa tano usiku, gari ya wafanyakazi ikamteremsha mjini baada ya saa sita, na saa kumi na moja alfajiri gari hiyo hiyo inamsubiri kituoni. Kijana huyo nilikuwa nimeshamwandikia onyo kwa kusinzia kazini. Onyo lile nililiondoa katika faili lake niliporudi, na nilimwambia kwa nini.

Utasema kwamba hesabu hiyo ningeweza kuifanya bila ya kusafiri, na ni kweli, ingawa sikuifanya. Kilichonifaa zaidi kilitokea wakati wa chai ya siku ya pili. Nilikaa meza moja na muuguzi wa wodi ya wazazi, tukawa tunazungumza jinsi watu wa zamu wanavyopokezana kazi bila ya kupokezana khabari. Akatoa simu yake akanionesha picha ya ukurasa wa daftari lao la makabidhiano, ambamo anayetoka humwandikia anayeingia hali ya kila mgonjwa, na pembeni kabisa walikuwa wameongeza safu moja yenye kichwa "Lililonielemea leo". Hakuna aliyewaagiza kutoka juu. Waliianzisha wao wenyewe. Nilikinakili kichwa kile nyuma ya kadi yangu ya ushiriki, na kadi ile ninayo mpaka leo.

Niliporudi niliichora safu hiyo katika daftari letu la vyumba na chumba cha kufulia. Kwa wiki tatu haikuandikwa neno. Sikumlazimisha mtu, bali niliandika mimi, kwamba siku ile nilimjibu vibaya mhudumu mmoja mbele ya mgeni na kwamba limenikaa moyoni. Siku ya pili yake mzee wa kufulia aliandika mstari mmoja: "Mashine ya pili inavuja, nafanya kazi miguu imo majini tangu mfungo mosi." Wakati huo tulikuwa mfungo nne. Fundi alikuja alasiri ile ile, akabadilisha mpira wa bomba, kazi isiyomchukua nusu saa. Kwa miezi mitatu mzee yule alikuwa akisimama ndani ya maji kwa sababu hakukuwa na mahali pa kulisemea jambo hilo bila ya kuonekana mlalamishi.

Kuhusu nani aende, ushauri wangu ni kwamba msipeleke wakubwa watupu. Mimi nilifaidika kwa sababu rosta imo mikononi mwangu, na nilipoona kosa niliweza kulirekebisha wiki ile ile.

Mhasibu_Mwanakwerekwe

Ndugu Afisa Utumishi, salaam.

Mimi ni mhasibu, na kwa miaka kadhaa sehemu ya kazi yangu imekuwa kuhakiki marejesho ya masurufu ya safari. Nimeyasoma aliyoyaeleza msimamizi wa vyumba na yamenigusa. Hata hivyo alichokieleza ni kheri iliyompata mtu mmoja aliyekaa karibu na mtu aliyemfaa, na Afisa Mdhamini wako hawezi kuidhinisha fedha za umma kwa kutarajia kheri ya namna hiyo.

Ripoti nyingi za makongamano zilizopita mezani pangu zina umbo moja: ratiba imenakiliwa, wazungumzaji wametajwa, picha ya pamoja imebandikwa, na mwishoni panapendekezwa kwamba taasisi iendelee kupeleka washiriki. Sijapata kuona ripoti inayosema kwamba kuanzia Jumatatu tutaacha kufanya jambo fulani, au tutalifanya kwa namna nyengine, na kwamba fulani ndiye atakayelisimamia. Safari ikirudi na ukurasa mmoja wa aina hiyo, mimi nitatetea gharama yake mbele ya mkaguzi yeyote.

Lipo jambo jengine linalonisumbua zaidi. Mwaka 2024 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, William Fleming, alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 kutoka taasisi 233 za Uingereza. Alilinganisha walioshiriki katika huduma anazopewa mfanyakazi mmoja mmoja, kama vile mafunzo ya kustahimili msongo, mazoezi ya kutuliza akili na programu za simu za kufuatilia usingizi, na wenzao wa taasisi hizo hizo ambao hawakushiriki. Hakuona kwamba walioshiriki walikuwa na hali bora. Huduma iliyotofautiana kidogo na nyengine ilikuwa ni kupewa nafasi ya kujitolea katika kazi za hisani. Nikiitafsiri khabari hiyo kwa hali yako, ni kwamba kongamano likiwafundisha watu wako namna ya kuvuta pumzi, na kazi yenyewe ikabaki ilivyopangwa, uchovu wa mama wa ghala utabaki pale pale ulipokuwa.

Kwa hiyo omba ratiba kamili kabla ya kuandika chochote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, uliotolewa Septemba 2022, unatilia mkazo kurekebisha mazingira ya kazi yenyewe na kuwafunza wasimamizi. Angalia kama mada za namna hiyo zimo: wingi wa kazi, mpangilio wa saa, uhuru wa mtu katika kazi yake, namna msimamizi anavyopokea lalamiko. Zikiwemo, nendeni. Ikiwa siku zote mbili ni hotuba za kutia moyo, mlipieni kijana wa masijala ada yake.

Na zile siku bilioni 12 nakuomba usizianze nazo, kwa sababu mkuu wako hana pa kuzishikia. Mhesabie za kwenu: nafasi za wale wanne waliohama zilikaa wazi muda gani, nani aliyezibeba kazi zao, na ruhusa za ugonjwa zilikuwaje katika robo mwaka iliyofuata.

AfisaUtumishi_Chake

Nakushukuru sana, ndugu mhasibu. Nimeomba ratiba na nimeletewa. Siku ya kwanza ni hotuba kwa sehemu kubwa, lakini siku ya pili asubuhi yote imewekwa kwa mpangilio wa zamu na wingi wa kazi, na alasiri kuna kikao cha vikundi kuhusu namna wasimamizi wanavyopokea khabari mbaya. Nimehesabu pia nafasi za wale wanne, na kwa jumla zimekaa wazi miezi kumi na tisa. Kazi zao zilibebwa na watu watatu, na mmoja wa hao watatu ni mtunza ghala, kwa sababu mtumishi aliyehama ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Nina haya kueleza kwamba sikuwa nimeyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka uliponiambia nihesabu.

Bado nina wasiwasi kuhusu mwembe wetu. Je, kongamano linaweza kuwafanya watu waseme ndani ya kikao yale wanayoyasema nje?

Muuguzi_Mstaafu_Wete

Mwanangu, swali lako hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Nimefanya kazi ya uuguzi umri wangu wote na nimestaafu nikiwa mkuu wa wodi. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi, spitali moja niliyopangiwa ilikuwa na desturi kwamba kosa lolote la usiku husomwa kwa sauti asubuhi wakati wa makabidhiano, pamoja na jina la aliyelifanya, mbele ya wote mpaka wapiga deki. Usiku mmoja nilimpa mtoto dawa ya homa mara mbili, kwa sababu mwenzangu aliyetoka alikuwa ameshampa na hakuandika. Niligundua nilipoikuta chupa imepungua kuliko nilivyoiacha. Nilikaa ubavuni mwa kitanda cha mtoto yule mpaka alfajiri, nikimhesabia pumzi, na mama yake akinishukuru kwa kumshughulikia mwanawe kiasi kile. Mtoto aliamka salama, alhamdulillah. Asubuhi sikusema neno, wala mwenzangu hakusema, na kwa hivyo daftari liliendelea kuandikwa vile vile lilivyokuwa likiandikwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mkuu wa wodi mwenyewe, nilipelekwa Dar es Salaam katika kongamano la watumishi wa afya. Mzungumzaji alieleza kazi ya Amy Edmondson, profesa wa Harvard, ambaye katika miaka ya 1990 alichunguza timu za wahudumu wa wodi katika spitali za Marekani akitarajia kuona kwamba timu zinazoelewana vizuri hufanya makosa machache ya dawa. Hesabu zilimtokea kinyume: timu zilizokuwa bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoandikwa. Alipochunguza zaidi alifahamu kwamba timu hizo hazikukosea zaidi ya nyengine, ila watu wake walikuwa huru kusema wanapokosea, na wale wengine waliyaficha. Mwaka 1999 alichapisha utafiti wake kuhusu hali hiyo ya mtu kuwa na amani ya kusema mbele ya wenzake.

Ningeisoma khabari hiyo wodini ningesema ni mambo ya spitali za wenzetu. Niliisikia nikiwa nimezungukwa na wauguzi wengi kutoka kila mkoa, na maneno yale yalipotamkwa ukumbi ulinyamaza, nikaona vichwa vinainama mstari baada ya mstari. Nilifahamu wakati ule kwamba kila mmoja wetu alikuwa na mtoto wake wa usiku ule. Hakuna mwongozo wa kusoma ofisini unaoweza kukuonesha jambo hilo, na mimi naihesabu kuwa ndiyo faida kubwa kuliko zote za kukusanyika: unaona kwamba ulichokificha kwa miaka kuwa ni aibu yako peke yako, ni jambo la kazi yenyewe, na linaweza kutengenezwa kama kazi.

Niliporudi Pemba, asubuhi ya kwanza, niliwasimulia watu wangu khabari ya yule mtoto na chupa. Sikuongeza nasaha yoyote. Makabidhiano yalipokwisha, muuguzi mmoja mdogo alibaki nyuma, akanishika mkono akanipeleka kwenye kabati la dawa. Kulikuwa na vichupa viwili vya dawa tofauti, vyenye vifuniko vya rangi moja na maandishi madogo, vimewekwa ubavu kwa ubavu. Akaniambia mara tatu amekaribia kuvichanganya. Tulihamisha kimoja rafu ya juu na chengine rafu ya chini, tukabandika plasta nyekundu, na kazi ile ilitwaa dakika tano. Mimi nilikuwa nikipita mbele ya kabati lile kila siku.

Kwa hiyo, mwanangu, watu wako wanajua kusema, kwa ushahidi wa mwembe wako. Anayehitaji kufunzwa ni anayesikiliza. Kwa hilo natofautiana kidogo na mwenzetu wa hoteli: mkubwa mmoja lazima aende, na asiende kufungua kongamano kisha akaondoka na gari, aende akakae mpaka kikao cha alasiri ya siku ya pili, kwenye kikundi, akiwa na kalamu yake. Nafasi ya pili apewe mtu ambaye mzigo wa kazi uko mabegani mwake.

Maalim_Tunguu

Ndugu zangu, nafundisha chuo hapa Tunguu, na nina mambo machache ya kuongeza, kwa sababu mengi yameshasemwa na wanaoyajua kwa kuyatenda.

Kwetu Zanzibar neno "afya ya akili" likitajwa, watu wengi fikra zao hukimbilia Kidongo Chekundu, spitali yetu ya maradhi ya akili, na mara moja kila mtu hujitenga nalo. Mtunza ghala hawezi kusema kwamba akili yake imeelemewa, basi husema amechoka tu. Kongamano zuri huwapa watu maneno yaliyo kati ya uzima na maradhi. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya maradhi lililoanza kutumika mwaka 2022, limeutaja uchovu uliokithiri wa kazini kuwa ni hali inayotokana na kazi na si maradhi ya mtu, likaueleza kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kujiweka mbali na kazi yako au kuichukia, na kuhisi kwamba hufanyi tena lolote la maana. Mtumishi akiyasikia hayo mbele ya mkuu wake, na mkuu akayasikia mbele ya mtumishi, wanarudi ofisini wakiwa na lugha moja.

Wala wazungumzaji si lazima watoke mbali na sisi. Huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafunza bibi wazee wakae kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 matokeo yake yalichapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na yalionesha kwamba waliokaa na bibi wale walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Nilipoisikia khabari hiyo kwa mara ya kwanza ukumbini, nilifikiria mabaraza yetu ya mawe ya Mji Mkongwe na mwembe wa ofisi kama wako. Nakushauri usiufunge mwembe. Muombe mkuu wako siku moja akae hapo.

La mwisho linahusu dokezo. Usiliombe jambo hili kama hisani kwa wafanyakazi. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa kanuni zake za msingi. Taasisi inayojifunza namna ya kutowaelemea watu wake inatekeleza wajibu ulioko katika maandishi.

AfisaUtumishi_Chake

Nawashukuru nyote kwa muda wenu. Dokezo nililipeleka Jumatatu, ukurasa mmoja na nusu. Nimeanza na miezi kumi na tisa ya nafasi zilizokaa wazi, nikaeleza nani aliyebeba kazi hizo, nikaambatisha ratiba huku nikiwa nimepigia mstari vikao vya siku ya pili, na nikaahidi kwamba washiriki watarudi na ukurasa mmoja wa mambo tutakayoyabadilisha, wenye jina la msimamizi na tarehe. Kwa ada ya kijana wa masijala nilizungumza na chuo, na wamekubali ilipwe kwa awamu mbili, kwa hivyo hakuna atakayekosa. Aya ya mwisho nimeandika kwamba mshiriki wa kwanza anayependekezwa ni Afisa Mdhamini mwenyewe, kwa siku zote mbili. Limerudi jana, na pembeni ameandika: "Nitakwenda. Wa pili nani?"

Kabla ya kumjibu nilifanya jambo moja. Nilikwenda chini ya mwembe na karatasi, nikawaambia wenzangu kwamba nafasi ni mbili lakini maswali tunaweza kupeleka ya watu wote, na yeyote anayetaka jambo liulizwe huko aliseme niliandike bila ya jina. Nilipata maswali tisa. La kwanza linahusu vikao vinavyoitishwa saa tisa alasiri, wakati watu wanajitayarisha kuondoka. La pili linahusu gari ya ofisi. La tatu lilitoka kwa mtunza ghala, na yeye hakukubali kuachwa bila ya jina, akataka jina lake liandikwe.

Ghala letu lina mlango mmoja na ufunguo mmoja, na tangu msaidizi wake ahame, ufunguo huo anaushika yeye peke yake. Anauliza kama ipo taasisi iliyopata namna ya ghala kushikwa na watu wawili kwa kupokezana, bila ya hesabu kuvurugika na bila ya mmoja kubebeshwa upungufu wa mwenzake, ili mtu aweze kupumzika. Nilirudi ofisini nikafungua faili lake la likizo, faili ninalolitunza mimi. Likizo ya mwisho aliyokwenda ni ya miaka minne iliyopita, na huyo msaidizi aliyehama alikuwa amebaki naye miaka mitatu kati ya hiyo. Mara zote mtunza ghala mwenyewe aliomba kuahirisha, na mara zote aliyesaini kuahirisha ni mimi.

Nimeliandika jina lake katika nafasi ya pili. Nilipomwambia, aliniuliza nani atakayeushika ufunguo kwa siku hizo, nami nimemwambia ni mimi. Kesho asubuhi tunahesabu ghala pamoja, boksi kwa boksi, kabla hajanikabidhi.